Fundi wa Gobore Aliyeomba Kupiga Risasi ya Pili

Kigoma wamemzika fundi wangu bila kuniambia. Habari nimeipata siku ya tatu, kwa simu ya mtu tuliyewahi kufanya naye kazi huko, na hata yeye hakupiga kwa ajili ya msiba. Alitaka kujua kama namfahamu daktari mzuri wa macho. Tukazungumza macho, tukazungumza mvua, kisha akasema, "Halafu yule mzee wa magobore wa Rusimbi tulimzika Ijumaa." Halafu! Mtu ameishi miaka themanini na zaidi, ametengeneza mikono ya watu na akili zao, leo anatajwa kwa "halafu". Nilikasirika nikakata simu, kisha nikapiga tena kuomba radhi, maana kifo si kosa la mwenye macho mabovu. Wanaonisoma kila wiki wanajua kwamba sina kawaida ya kusifu marehemu. Nimeshawahi kulalamika humu humu kuwa Mtanzania akishafunikwa udongo huwa hajawahi kukosea maishani. Basi leo nitamsifu mtu kwa sababu alikosea, na mwenye kuchukia achukie.

Karakana yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba, na ulilijua kwa harufu kabla hujaliona: moshi wa mkaa, chuma kilichofuliwa, na mawese. Ukoo wao ulivuka ziwa kutoka Kongo zamani za babu yake, naye alipenda kusema kwamba babu alishuka mtumbwini na nyundo mkononi na kwamba ndiyo hiyo hiyo anayoitumia yeye. Sikuwahi kuamini. Hakujua kuandika zaidi ya jina lake, na hilo jina aliliandika taratibu, ulimi umetoka nje kidogo. Lakini kutoka Ujiji mpaka Ilagala, na kupanda huko juu kwa Waha, mwenye gobore lisilolenga alikuwa na mahali pamoja tu pa kulipeleka.

Vijana mnaosoma safu hii kwenye simu, gobore ni bunduki inayolishwa kwa mdomoni. Unamimina baruti, unasukuma risasi ya mviringo kwa mdeki, yaani ule ufito mrefu wa chuma, unapachika fataki, unafyatua, halafu unamwachia Mungu. Mtutu wake ni laini ndani kama bomba la maji, hauna ile michirizi inayoizungusha risasi ya bunduki za kisasa ikanyooka. Kwa hiyo watu waliamini kwamba gobore kukosa ni tabia yake, kama mbuzi kula nguo iliyoanikwa. Yeye alikataa katakata. "Gobore halikosi," alikuwa akisema. "Anayekosa ni aliyelishindilia."

Mimi nilimfahamu kwa ubaya. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimetoka Tanga, nimepangiwa ofisi ya maliasili ambayo sitaitaja, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukagua vibali vya magobore. Niliingia bandani na jalada kwapani, nikasema, "Mzee, kibali kiko wapi?" Akaniangalia. "Mwakeye," akasema, ile salamu ya asubuhi ya Kiha, kisha akaendelea kupiga tupa. Nilisimama pale kama mwizi wa kuku mpaka aibu ikanishika. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Kibali kipo pale ukutani. Kilichokuwa kimepotea ni salamu." Mafundi wenzake wawili walicheka mpaka wakaweka vyombo chini. Tangu siku hiyo nikawa napita kwake hata bila jalada.

Siku moja alikuja mkulima kulalamika kwamba gobore lake halifiki mbali ingawa amelizidishia baruti. Fundi akamuuliza amezidisha kiasi gani, mkulima akaonyesha kiganja, kisha kiganja na nusu. "Hebu ngoja," fundi akasema. "Baruti si ugali, kwamba mgeni kaja unaongeza unga." Akampa kipande cha mwanzi alichokikata kwa kipimo cha gobore lile, akamwambia kuanzia leo ni mwanzi huu mmoja, usizidi wala usipungue, hata simba akisimama mlangoni. Kisha akaeleza jambo ambalo nimelieleza mara nyingi tangu hapo, na kila mara nikijifanya ni la kwangu. Risasi ikiwa ndogo kuliko mtutu, hutoka ikigonga huku na kule kama mlevi kwenye uchochoro, na ukuta wa mwisho atakaougonga ndio utakaoamua atokee akielekea wapi. Dawa yake ni kuivika kitambaa. Kitambaa kikibana vizuri, risasi inapita katikati, haigusi ukuta.

Lakini si kitambaa chochote. Alitaka kanga ya zamani, iliyofuliwa mpaka maandishi yake hayasomeki, akaikata vipande vya duara, akaipaka mawese. Unene aliupima kwa vidole, macho ameyafumba. Risasi aliziyeyusha mwenyewe kutokana na vile vizito vya nyavu wanavyouza wavuvi, akazimimina kwenye kalibu, zikipoa akaziviringisha moja moja juu ya kipande cha kioo. Iliyoyumba alijua ina uwazi ndani, akairudisha motoni bila majadiliano. Na jambo la mwisho, ambalo kwake lilikuwa kama kutawadha: kila baada ya kupiga alifuta mtutu kwa kitambaa kibichi kabla ya kushindilia tena. Masizi ya baruti yakiganda ndani, alisema, una bunduki nyingine mkononi, si ile uliyoizoea. Nilimwona akitoboa mfuniko wa debe kwa hatua hamsini, mara tano mfululizo, kwa bunduki ambayo maofisa wangu waliiita chuma chakavu.

Ikaja miaka ya wakimbizi. Aliyekuwa Kigoma wakati ule hahitaji kuelezwa, na ambaye hakuwapo sijui nimweleze vipi. Watu walikuwa wakishuka Kagunga kutoka Burundi maelfu kwa maelfu, na mizigo waliyofunga kwa haraka ya mtu aliyeacha chungu jikoni. Wengine walipelekwa kambini, wengine wakajipenyeza vijijini wakapata vibarua vya kulima. Sokoni kukajaa vitu vya msaada: blanketi za kijivu, mafuta ya bati, na yale maturubai ya plastiki iliyofumwa. Mgeni aliuza turubai akanunua dagaa. Na kila aliyemiliki bunduki, hata ya babu yake, akawa mtu wa kutiliwa shaka.

Fundi aliliona turubai akalipenda. Ni jembamba, linateleza, halichaniki, halitaki mafuta, halilowi. Akakata vipande vya duara, akajaribu. Risasi ikaenda sawasawa. Kesho yake akajaribu tena, ikaenda vizuri kuliko kwa kanga. Alifurahi kama mtoto, akanionyesha ule mfuniko, akaniambia, "Mwanangu, wageni wametuletea kitu." Akawagawia wateja wake vipande hivyo, na kwa sababu vilikuwa havihitaji mawese wala havikuacha uchafu aliouona, akawaambia kwa kujiamini kwamba hiki hakitaki hata kufuta mtutu. Sasa sikilizeni kosa lilipojificha. Yeye mwenyewe hakuwahi kupiga mara mbili bila kufuta. Mkono wake haukuweza! Hata alipokuwa akijaribu kitu kisichotaka kufutwa, alifuta, kwa mazoea, bila kujijua.

Mmoja wa waliopewa vipande vile alikuwa mlinzi wa mashamba katika kijiji kimoja upande wa Ilagala, mtu mpole, baba wa watoto wanne. Alfajiri moja nguruwe waliingia kwenye mahindi. Akapiga wa kwanza akaanguka palepale. Wa pili akazubaa kando ya matete, mlinzi akashindilia haraka, akalenga, akapiga. Sauti iliyofuata haikuwa ya nguruwe. Hatua tatu kushoto kwa matete alikuwa ameinama Mrundi mmoja, mkimbizi aliyekuwa akichuma maharage ya mwenyeji wake kabla jua halijawa kali. Risasi ilimwingia pajani. Kwa bahati mbaya wawili hao walikuwa wamegombana juzi yake juu ya kuni, na kijiji kizima kilisikia. Wakimbizi wakasema amepigwa makusudi. Wenyeji wakasema wageni wanataka kumfunga mtu wetu. Mapanga yakaanza kunolewa pande zote mbili, na mimi sitanii ninaposema hivyo.

Polisi wakamkamata mlinzi. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: bunduki hii imemwangusha nguruwe kwa risasi ya kwanza, na inajulikana mkoa mzima kwamba magobore ya fundi yule hayakosi, sasa iweje risasi ya pili ipotee hatua tatu na imwendee mtu aliyegombana naye? Wakaiandikia ofisi yetu kuuliza kama silaha ile inalenga sawasawa. Barua ikafika mezani kwangu. Nilikuwa nimemwona fundi akitoboa mifuniko ya debe, sikuona haja ya kwenda kuiangalia bunduki yenyewe. Nikaandika mstari mmoja: silaha iko katika hali nzuri na inalenga kwa usahihi. Mkuu wangu akatia sahihi, muhuri ukagongwa, nikaenda kula. Kwa mstari ule, mlinzi alikuwa njiani kwenda kufungwa kwa kujaribu kuua.

Inspekta alikuwa mtu wa haki, na aliamua bunduki ijaribiwe mbele ya pande zote mbili, na aliyeitengeneza ndiye aipige. Tukakutana kwenye kiwanja kitupu nje ya mji, wazee wa kijiji upande huu, Warundi kama ishirini upande ule, mlinzi katikati na pingu, mkewe amekaa chini amejifunika kanga mpaka puani. Mfuniko wa debe ukatundikwa kwenye mti mkavu, hatua sitini. Fundi akaomba jamvi pana litandazwe nyuma ya mfuniko. Inspekta akamuuliza la nini, akajibu, "La kuonyesha risasi inakokwenda ikikataa kwenda." Kabla hajashindilia akamgeukia mlinzi, akamuuliza mbele yetu sote, "Siku ile baada ya kumpiga nguruwe wa kwanza, ulifuta mtutu?" Mlinzi akatikisa kichwa. "Uliniambia nisifute, fundi."

Akavika risasi kipande cha turubai, akashindilia, akapiga. Mfuniko ukalia, tundu katikati. Warundi wakaguna kwa pamoja, mke wa mlinzi akaanza kulia. Pale ndipo palipokuwa mwisho wa kila kitu kama fundi angependa. Sifa yake ilikuwa imethibitishwa mbele ya polisi na raia, kazi yake isiyo na doa, na makosa yote yamebaki kwenye kidole cha mtu mwingine. Inspekta akasema, "Imetosha, mzee." Naye akasema, "Haijatosha, afande. Naomba kupiga ya pili."

Alishindilia bila kufuta. Nilikuwa karibu, niliona mkono wake ukienda wenyewe kwenye kitambaa kibichi, na niliona akiurudisha. Mdeki ulipita kwa shida, ukikwaruza. Akalenga polepole kuliko mara ya kwanza, akapiga, na tundu likatokea kwenye ukingo wa kushoto wa jamvi, hatua mbili na zaidi kutoka kwenye mfuniko. Akapiga ya tatu, na jamvi lenyewe halikuguswa. Ndipo akaumwagia mtutu maji ya moto, akasokomeza kitambaa, akakitoa kina utepe mweusi wa plastiki iliyoyeyuka. Akakiinua watu wakione. Kisha akatoa kanga mfukoni, akapiga tatu nyingine, akifuta kila baada ya kupiga. Zote tatu mfunikoni.

"Afande," akasema, "huyu bwana alilenga nguruwe. Kitambaa hiki kinayeyuka kikabaki humu ndani, risasi ya pili inakipanda. Mimi ndiye niliyempa. Mimi ndiye niliyemwambia asifute. Sikujua, lakini kutojua kwangu kumempiga mtu mguu. Kosa ni langu." Inspekta akamkazia macho. "Unaelewa unachosema, mzee? Naweza kukuweka ndani wewe." "Naelewa. Ndiyo maana nimekuja nimeshakula."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa Kirundi akaondoka upande wao, akavuka kiwanja, akamshika fundi mkono kwa mikono miwili. Inspekta akafungua jalada lake akachomoa karatasi. "Sasa hii ya maliasili inasema bunduki inalenga kwa usahihi. Nani aliandika?" Mkuu wangu alikuwa amesimama pembeni yangu, akiangalia viatu vyake. Fundi aliniangalia mimi. Alikuwa anajua, maana nilikuwa nimemsimulia mwenyewe kwa majivuno. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ofisi, afande. Ofisi ndiyo iliyoandika." Inspekta akakunja karatasi akairudisha jaladani.

Mlinzi aliachiwa siku ile ile, baada ya siku tisa za mahabusu. Fundi hakufungwa, ila banda lake lilifungwa kwa miezi kadhaa. Wenye midomo wakambatiza jina, Fundi Turubai, na ukimwita hivyo aliitika. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alisema, na badala ya kukaa nyumbani kuugulia aibu, akapanda mitumbwi na kutembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, mtu wa umri ule, akikusanya vipande alivyogawa. Kila alipofika alisema maneno yale yale: nilikupa kitu kibaya, nirudishie, chukua kanga. Wapo waliomtukana, na wapo waliomkaribisha chakula.

Nilikwenda naye hospitali kumwona yule Mrundi. Alibeba chupa ya mawese na migebuka mikavu, wale samaki wa ziwani, iliyofungwa kwenye jani. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaeleza yote tangu turubai la kwanza, hakuruka kitu. Mgonjwa alimsikiliza, kisha akasema kwa upole wa mgeni aliyezoea kutosumbua wenyeji, "Ntaco bitwaye, mzee," yaani haina neno. Fundi akawaka! "Usiniambie haina neno. Ina neno. Mguu ni wako." Mgonjwa akautazama mguu wake. "Basi ina neno, mzee," akasema. "Unaniuma sana. Na sijui kama nitalima tena." Akalia kwa sauti, pengine kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, na mzee akakaa naye mpaka akamaliza. Alipona, akawa anachechemea, akalima. Na kila mwaka mpaka aliporudi kwao, mawese ya nyumba yake yalitoka kwa fundi.

Nimekuwa mtumishi wa umma kwa miaka mingi, nimestaafu, sasa nafundisha watu adabu kila wiki kwenye gazeti. Katika miaka hiyo nimesoma taarifa za madaraja yaliyobomoka, dawa zilizoharibika, mbegu zisizoota. Lugha yake naijua, kwani nyingine niliziandika kwa mkono huu. "Imebainika kuwa palikuwa na upungufu." "Changamoto zimejitokeza." Siku hizi wamepata na "mfumo". Upungufu unabainika wenyewe, changamoto zinajitokeza zenyewe, hakuna mtu aliyekuwapo. Tunazo shahada, tunazo semina za uwajibikaji zenye chai na sambusa, lakini sijawahi kumwona bosi hata mmoja akiambiwa "imetosha", amesafishwa, sifa zake mkononi, akajibu kwamba haijatosha, naomba mjaribu tena upande ule ninakojua kuna kosa langu. Nilimwona fundi mmoja tu, asiyejua kuandika zaidi ya jina lake. Ufundi niliojifunza kwake ni huo: kazi yako hujaijaribu mpaka uijaribu mahali inapoweza kukuaibisha.

Hakuwahi kunigusia habari ya siku ile kiwanjani. Nilipita bandani kwake miaka mingine mitatu, akanipa kiti, akanipa chai, akanitania, na kila mara nilijiambia leo nitamwambia, nisimwambie. Sasa amekufa na sina tena wa kumwambia isipokuwa wewe, bwana mlinzi, kama u hai na kama kuna mtu wa kukusomea gazeti. Zile siku tisa ulizolala chini na pingu, na watoto wako wanne hawajui kama utarudi, kuna karatasi iliyokuzuia humo. Haikuandikwa na ofisi. Niliiandika mimi, bila kuiona bunduki, kwa sababu nilikuwa na njaa. Kosa ni langu.